Sheria Inadai Futi 100, Kiwanja Kina 50: Mwongozo wa Kanda za Moto kwa Mkazi wa Mjini California

Sheria ya California inamtaka mwenye nyumba asafishe futi 100, kama mita 30, kuzunguka nyumba yake. Kiwanja cha kawaida Los Angeles kina upana wa futi 50, na nyumba yenyewe imekula sehemu kubwa ya hizo. Ukisimama kwenye kichochoro cha ubavuni na kunyoosha mikono, mkono mmoja unagusa ukuta wako na mwingine unakaribia uzio wa jirani. Hizo futi 100 utazipata wapi?

Wengi walianza kujiuliza swali hili mwaka 2025, ramani mpya za hatari ya moto zilipotoka na mitaa ambayo haikuwahi kuwaza moto wa nyika ikajikuta imepakwa rangi. Jibu fupi ni hili: wajibu wako kisheria unakoma kwenye mpaka wa kiwanja, ila joto la nyumba ya jirani inayoungua halijui mpaka. Kwa hiyo mjini kazi inabadilika sura. Kufyeka kunapungua, na uzito unahamia kwenye mambo matatu: ile mita moja na nusu inayogusa ukuta, nyumba yenyewe, na maelewano na jirani. Mwongozo huu unahusu California peke yake, kwa sababu kila jimbo la Marekani lina sheria zake.

Moto unavyoingia mtaani

Oktoba 2017 moto wa Tubbs ulishuka kutoka vilimani, ukaruka barabara kuu ya 101 na kuingia Coffey Park, mtaa wa nyumba zilizopangana kwenye tambarare ya Santa Rosa. Zaidi ya nyumba elfu moja ziliteketea hapo. Coffey Park haikuwa kwenye ukanda wa hatari ya juu kabisa, hivyo kanuni kali za ujenzi hazikuwa zinaihusu. Januari 2025 moto wa Palisades na ule wa Eaton uliteketeza majengo zaidi ya 16,000 kwa pamoja, na sehemu kubwa ya Altadena iliyoungua ilikuwa nje ya ukanda huo kwenye ramani za wakati ule.

Mtiririko ni uleule. Upepo mkavu, Santa Ana kwa upande wa kusini na Diablo kwa upande wa Ghuba ya San Francisco, unapeperusha cheche na kuzitanguliza mbele ya moto wenyewe. Cheche hazihitaji ukuta wa miali. Zinatafuta mfereji wa paa uliojaa majani makavu, tundu la hewa lenye wavu mpana, zulia la mlangoni, au pembe ambapo uzio wa mbao umeshikana na ukuta. Nyumba ya kwanza ikishika, sura ya moto inabadilika: sasa kinachowaka ni nyumba, siyo majani. Nyasi zinawaka na kupita kwa dakika chache. Nyumba inawaka kwa saa nzima na zaidi, na muda wote huo inammiminia joto jirani aliye mita tatu kando. Ndiyo maana baada ya mioto hii unakuta mti ungali na majani mabichi katikati ya misingi miwili ya nyumba iliyobaki majivu.

Ukilishika hilo, sheria zote zinazofuata utazisoma kwa jicho lingine.

Hatua ya kwanza: jua nani anakusimamia na uko rangi gani

California imegawanywa kwa dhamana. Kuna maeneo ambayo kuzima na kuzuia moto ni dhamana ya jimbo, chini ya idara ya Cal Fire, na kuna maeneo ya dhamana ya serikali za mitaa, ambako ni zimamoto ya mji au kaunti. Mkazi wa mjini karibu kila mara yuko kundi la pili. Usilipuuze hili, maana ushauri mwingi unaosambaa umeandikwa kwa ajili ya kundi la kwanza, la watu wenye eka kadhaa.

Kanda za moto ndani ya miji si jambo la jana. Zilitokana na moto wa vilima vya Oakland wa Oktoba 1991, ulioua watu 25. Mwaka uliofuata Bunge la jimbo likapitisha sheria ya kubainisha kanda za hatari ya juu kabisa hata kwenye maeneo ya miji. Sheria ya mwaka 2021 ikaongeza madaraja, na ramani zilizotolewa kwa awamu nne kati ya Februari na Machi 2025 ndizo za kwanza kuonyesha mijini madaraja yote matatu: ya kati kwa njano, ya juu kwa rangi ya machungwa, na ya juu kabisa kwa nyekundu.

Ingia kwenye tovuti ya Ofisi ya Mkuu wa Zimamoto wa Jimbo, andika anwani yako, uone rangi. Kisha nenda kwenye tovuti ya mji wako utafute sheria ndogo iliyopitisha ramani hiyo, kwa sababu mji unaruhusiwa kupandisha daraja la eneo ila hauruhusiwi kulishusha. Inawezekana jimbo limekuweka kwenye machungwa na mji ukakuhamishia kwenye nyekundu.

Kila rangi ina uzito wake. Nyekundu inaleta wajibu wote: kusafisha kuzunguka nyumba, kanuni za ujenzi kwa jengo jipya, na nyaraka wakati wa kuuza. Machungwa, ukiwa kwenye eneo la serikali za mitaa, inaleta kanuni za ujenzi mpya na nyaraka za kuuza, bila wajibu wa jimbo wa kusafisha futi 100, isipokuwa mji wako uwe umeuongeza. Njano hapo mjini ni taarifa zaidi kuliko amri.

Watu wengi wanakosea namna ya kuisoma ramani. Inapima hatari ya eneo: mimea, mteremko, historia ya mioto, hali ya hewa, na umbali ambao cheche zinaweza kuingia mtaani. Haiangalii kama paa lako ni la mabati au la vigae vya mbao. Unaweza kubadilisha nyumba nzima na rangi isibadilike. Kwa hiyo usipoteze miezi ukigombana na rangi, na ukiwa huna rangi yoyote usilale usingizi wa pono. Coffey Park nayo haikuwa kwenye nyekundu.

Hatua ya pili: pima kiwanja chako kwa utepe

Chukua utepe wa kupimia na karatasi. Chora nyumba, mipaka, uzio, kila kibanda, kila mti, na ukuta wa karibu wa kila jirani. Andika umbali.

Sheria inagawa eneo la kinga hivi. Ukanda 0 ni kutoka ukutani hadi futi 5, kama mita moja na nusu. Ukanda 1 unaendelea hadi futi 30, kama mita 9. Ukanda 2 unafika futi 100. Halafu kuna maneno yanayoondoa hofu ya watu wengi: wajibu hauvuki mpaka wa kiwanja chako. Hulazimiki kusafisha kwa jirani, na wala huruhusiwi kuingia kwake kufyeka bila idhini yake ya maandishi.

Ukirudi kwenye mchoro wako, utaona kiwanja cha mjini kimeikunja sheria. Kama ukuta wa ubavuni uko futi 5 kutoka mpakani, ubavu wote huo ni Ukanda 0, hakuna kingine. Ua wa nyuma karibu wote ni Ukanda 1. Ukanda 2 haupo kabisa. Kuna matokeo ya vitendo hapa. Kanuni inataka rundo la kuni lihamishiwe Ukanda 2. Wewe huna Ukanda 2, kwa hiyo usiweke rundo la kuni. Wala usitafute ujanja wa kulificha nyuma ya stoo.

Kwenye Ukanda 1 kazi ni ya kawaida na haina ubishi: toa mimea iliyokauka, zoa majani makavu chini na juu ya paa, kata matawi yawe angalau futi 10 mbali na bomba la moshi la paa, na tenganisha vichaka visishikane na matawi ya chini ya miti. Kichaka chini ya mti ni ngazi ya kupandia moto. Mitende yenye makuti makavu yanayoning'inia shughulikia mapema, kwa sababu kuti linalowaka husafiri mbali na upepo.

Angalia pia kama mji wako umezidi jimbo. Los Angeles, kwa mfano, inadai futi 200 ndani ya ukanda wa juu kabisa, na hesabu inaanzia kwenye jengo lolote lililo karibu, liwe lako au la jirani. Maana yake, mwenye kiwanja kitupu kilichojaa majani kando ya nyumba yako ana wajibu kwa ajili ya nyumba yako. Asipofanya, ripoti zimamoto. Mji una mamlaka ya kusafisha kwa mkandarasi wake na kumpelekea mwenye kiwanja gharama.

Kama wewe ni mpangaji, usiruke sehemu hii. Sheria haimtaji mwenye nyumba peke yake. Inamtaja anayemiliki, anayepanga, anayesimamia, anayeendesha au anayetunza jengo linalokaliwa na watu. Nitalirudia hili mbele.

Hatua ya tatu: mita moja na nusu

Hapa ndipo mjini panapoamua mambo, na ndipo penye kelele nyingi zaidi.

Ukanda 0 uliingia kwenye sheria mwaka 2020, ukimaanisha eneo lisilo na kitu cha kushika cheche ndani ya futi 5 za jengo. Sheria ikaiachia Bodi ya Misitu na Ulinzi dhidi ya Moto iandike kanuni, na tarehe ya mwisho ya kwanza, Januari 1, 2023, ikapita bila kanuni. Baada ya mioto ya Januari 2025, Gavana Gavin Newsom akaamuru kazi imalizwe kabla ya mwisho wa mwaka huo. Ndipo ubishi ukawaka. Wakazi wa mitaa yenye viwanja vidogo, hasa Los Angeles, walisema kukataza mimea ndani ya futi 5 kwao ni kufuta bustani yote, kupoteza kivuli na kuongeza joto la mtaa. Wengine walidai kichaka kinachomwagiwa maji hakiwaki kirahisi. Rasimu za 2025 zilitaka majengo mapya yafuate mara moja, na yaliyopo yapewe miaka. Berkeley haikusubiri: mwaka 2025 ilipitisha sheria yake kwa vitongoji vya vilimani vya Grizzly Peak na Panoramic Hill. Kwa hiyo, kabla ya kutumia pesa, fungua ukurasa wa Bodi na wa mji wako, usome kanuni ilipofika leo na muda uliopewa nyumba kama yako.

Maoni yangu ni kwamba mabishano kuhusu mimea yanafunika jambo ambalo halina mbishi. Toa kwanza vitu visivyo hai. Matandazo ya magome ya miti ndani ya futi 5 hayana mtetezi mwenye hoja. Weka changarawe, kokoto, saruji au udongo mtupu. Mapipa ya taka ya plastiki yaliyopangwa kwenye kichochoro cha ubavuni ni mafuta yaliyogandishwa, na karibu kila nyumba ya mjini inayaweka pale pale, chini ya dirisha. Mtungi wa gesi wa jiko la kuchomea nyama, zulia la katani mlangoni, viti vyenye mito, maboksi, mbao zilizobaki za ukarabati: vyote hivi havihitaji kikao cha Bodi. Ni mchana mmoja wa Jumamosi.

Mimea ifuate baadaye, kwa mpangilio huu: kwanza iliyo chini ya dirisha, chini ya tundu la hewa au kwenye pembe ya ndani ya ukuta, maana hapo upepo unazungusha na kurundika cheche. Kisha mimea yenye mafuta na utomvu, kama mireteni na misaipresi iliyopandwa kama ua. Mti mkubwa wenye afya ni suala jingine. Mti ulionyolewa matawi ya chini na yanayogusa paa si sawa na kichaka kilichoegemea ukuta, na baadhi ya miti, kama mialoni ya asili huko Los Angeles, inalindwa. Kuikata bila kibali ni kosa. Uliza mji kabla ya msumeno.

Halafu uzio. Uzio wa mbao uliounganishwa na nyumba ni utambi: moto unaanzia mwisho wa kiwanja na kutembea hadi ukutani. Huhitaji kung'oa wote. Ondoa futi 5 za mwisho zinazogusa nyumba, weka kipande cha chuma au geti la chuma. Kwa pesa inayotumika, sijui kazi nyingine yenye faida kubwa hivyo kwenye kiwanja kidogo.

Hatua ya nne: nyumba yenyewe

Kwa jengo jipya ndani ya kanda za juu, kanuni za ujenzi zimekuwepo tangu 2008 katika Sura ya 7A ya kanuni za majengo za California; kuanzia Januari 1, 2026 zimehamishiwa kwenye kitabu chake cha pekee cha ujenzi wa maeneo yanayopakana na nyika. Nyumba ya zamani hailazimishwi kufuata yote, ila ukibadilisha paa au ukiongeza chumba, kibali cha ujenzi kinaweza kukuleta ndani ya kanuni kwa sehemu unayoijenga. Nyumba ndogo ya uani ni jengo jipya, hivyo inafuata zote. (Mjengo huo wa uani unaruhusiwa na unaleta kodi nzuri ya pango, ila kwa macho ya moto umesogeza nyumba nyingine ndani ya joto la nyumba yako. Ujenge kama unayejikinga na adui.)

Kama nyumba ni ya zamani na pesa si nyingi, anza na matundu ya hewa. Panda ngazi, utazame yale yaliyo chini ya paa, kwenye kuta za pembe tatu za juu na kwenye uvungu wa nyumba. Nyumba nyingi za zamani zina wavu wenye matundu ya robo inchi, na cheche ya ukubwa wa punje ya mchele inapita hapo bila kusita, inatua darini kwenye vumbi na maboksi, na nyumba inaanza kuungua kutoka ndani wakati nje kumetulia. Kanuni inataka wavu wa chuma usioshika kutu, wenye matundu yasiyozidi moja ya nane ya inchi, kama milimita 3, na yasiyopungua moja ya kumi na sita, ili hewa ipite na rangi isizibe. Wavu wa plastiki unayeyuka, usiutumie. Unaweza kufunga wavu mpya nyuma ya ule wa zamani. Ukitaka tundu lililotengenezwa maalumu kuzuia cheche na miali, Ofisi ya Mkuu wa Zimamoto ina orodha ya bidhaa zilizoidhinishwa. Nunua iliyomo, siyo iliyoandikwa tu kwenye boksi kwamba inazuia moto.

Paa ni kubwa zaidi kwa hatari na kwa gharama. Kama ni vigae vya mbao, akiba yoyote uliyonayo iende huko kwanza. Daraja A, la juu kabisa kwa kuhimili moto, ndilo la kutafuta, na vigae vingi vya lami, vya udongo na mabati vinalifikia vikifungwa sawasawa. Vigae vya udongo vyenye umbo la mviringo vinaacha matundu pembezoni ambamo ndege hujenga viota, yazibe. Mifereji ya maji ya mvua isafishwe kila msimu, na mfereji wa plastiki ubadilishwe na wa chuma ukiharibika.

Sasa tofauti ya mjini na porini. Porini unauliza moto unatoka upande gani wa kilima. Mjini tafuta ukuta unaotazamana na jirani wa karibu zaidi. Huo ndio upande wako wa hatari, hata kama kilima kiko upande wa pili. Madirisha ya hapo ndiyo ya kubadilisha kwanza, kwa sababu kioo kimoja cha kawaida hupasuka kwa joto tu, kabla mwali haujakigusa, na dirisha likipasuka cheche zina mlango. Weka vioo viwili, angalau kimoja kikiwa kimeimarishwa kwa joto. Kama huwezi yote, badilisha lile linalotazamana na dirisha la jirani. Kwenye ukuta huohuo acha inchi 6 za chini, kutoka ardhini, ziwe za kitu kisichowaka: saruji, matofali au bati. Cheche hurundikana pale chini kama vumbi.

Sakafu ya mbao ya nje, ile baraza iliyoinuliwa, usihifadhi kitu chochote chini yake.

Hatua ya tano: mpaka na jirani

Hapa sheria inakuacha peke yako. Inaweza kumlazimisha kila mmoja asafishe kwake, lakini haiwezi kuwafanya muwe na mpango mmoja, na kwenye nyumba zilizobanana mpango mmoja ndio unaofanya kazi.

Usianze na barua ya malalamiko. Anza na kitu kinachowahusu wote sawa: uzio. Mara nyingi mjini kuna nyuzio mbili zilizosimama mgongo kwa mgongo, wa kwako na wa jirani, na katikati pengo dogo lililojaa majani ya miaka. Majaribio ya taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, yalionyesha nyuzio mbili zinazoenda sambamba zinawaka vikali zaidi kuliko mmoja. Mwendee jirani na pendekezo: tuondoe mmoja, tuweke wa chuma au wa matofali, tugawane gharama. Sheria ya California kwa kawaida inawachukulia majirani wanaopakana kuwa na wajibu sawa wa uzio wa mpakani, kwa hiyo si fadhila unayoomba.

Mkishaelewana juu ya uzio, mengine yanakuja: kibanda chake cha mbao kilichoegemea mpaka, kichaka chako kinachotambaa hadi chini ya dirisha lake, mti wenye matawi yanayovuka. Kwa matawi, California inakuruhusu kukata yaliyovuka upande wako hadi kwenye mpaka, mradi usiudhuru mti wenyewe. Hata hivyo mwambie kwanza. Mti uliokatwa kimyakimya umevunja ujirani mwingi kuliko moto.

Mtaa wenye nyumba 8 au zaidi unaweza kuomba kutambuliwa na Firewise USA, mpango wa NFPA, shirika la Marekani la kinga dhidi ya moto. Mnafanya tathmini, mnaandika mpango wa kazi, mnaonyesha kazi iliyofanyika kila mwaka. Utambulisho huo hautamzuia mtu asiweke pipa dirishani, lakini unahesabika kwenye bima, kama utakavyoona.

Kwenye majengo ya vyumba vingi na nyumba zilizoungana, tenganisha vilivyo vyako na vya wote. Roshani, mazulia, samani na maua ya vyungu ni vyako. Paa, kuta, bustani ya pamoja na matundu ya hewa ni vya chama cha wamiliki au mwenye jengo. Chama kilicho kwenye ukanda wa juu kabisa hakiwezi kukataa kila aina ya paa linalohimili moto kwa kisingizio cha sura ya mtaa. Sheria inakitaka kiruhusu angalau aina moja. Mpangaji aandike kwa mwenye nyumba, kwa barua pepe, akiambatisha picha zenye tarehe: wavu uliotoboka, majani kwenye mfereji, uzio ulioegemea ukuta. Halafu naye asafishe roshani yake, maana mkaguzi akija hataanza kwa kuuliza hati ya umiliki.

Hatua ya sita: karatasi za kuuza na za bima

Ukiuza nyumba iliyo kwenye ukanda wa juu au wa juu kabisa, sheria iliyoanza kutumika 2021 inadai hati ya kuonyesha kwamba eneo la kinga linakidhi masharti ya mahali hapo, au makubaliano kwamba mnunuzi ataipata ndani ya mwaka mmoja. Kama nyumba ilijengwa kabla ya 2010, kuna taarifa ya ziada kuhusu sehemu dhaifu za nyumba. Omba ukaguzi miezi kabla ya kuitangaza. Zimamoto nyingi zina foleni wakati wa kiangazi.

Kuhusu bima, ondoa dhana moja: kampuni za bima hazitumii ramani ya jimbo kupanga bei. Zina mifumo yao ya kukadiria, na nyumba isiyo na rangi inaweza kufutiwa bima wakati ya nyekundu inaendelea kuwa nayo. Ila tangu 2022 kanuni za Kamishna wa Bima, Ricardo Lara, zinazitaka kampuni zinazotumia alama za hatari ya moto zitoe punguzo kwa hatua za kinga, zikueleze alama yako kwa maandishi, na zikupe nafasi ya kukata rufaa. Hatua zinazohesabiwa ni karibu zilezile za mwongozo huu: paa la daraja A, futi 5 zisizo na vitu vya kuwaka, matundu ya hewa, madirisha, inchi 6 za chini ya ukuta, na mtaa uliotambuliwa. Mojawapo, kuhamisha vibanda vya mbao hadi futi 30, kwenye kiwanja cha futi 50 ni ndoto. Bomoa kibanda au kijenge upya kwa chuma.

Piga picha kabla na baada ya kila kazi. Weka risiti. Tuma kwa kampuni kabla ya mwezi wa kuhuisha bima, siyo baada ya barua ya kufutiwa bima. Ukikosa kampuni zote, FAIR Plan ipo kama kimbilio la mwisho, lakini inafunika moto na mambo machache tu, hivyo utahitaji bima ya kujazia pembeni.

Siku ya bendera nyekundu

Idara ya Taifa ya Hali ya Hewa ikitoa onyo la bendera nyekundu, yaani kwamba upepo na ukavu vinaweza kueneza moto haraka, mtaa uliobanana una tatizo ambalo nyumba ya porini haina: magari. Kwenye barabara nyembamba za vilimani, gari moja lililoegeshwa vibaya linazuia gari la zimamoto kupanda na familia ishirini kushuka. Los Angeles inapiga marufuku maegesho kwenye barabara zilizowekwa alama siku hizo, na gari linavutwa. Hata kama mji wako hauna marufuku hiyo, ingiza gari ndani ya kiwanja, pua ikitazama barabarani.

Kisha zunguka nyumba mara moja. Zulia ndani, mito ya viti ndani, mapipa mbali na ukuta, mtungi wa gesi mbali na nyumba. Funga madirisha yote pamoja na mlango mdogo wa paka. Mlango wa gereji uwe umefungwa, na ujue kuufungua kwa mkono, kwa sababu umeme unaweza kukatwa kwa makusudi siku ya upepo. Mweleze jirani mzee au asiye na gari nani atamchukua. Amri ya kuhama ikitoka, usibaki ukimwagia paa maji kwa mpira: kila bomba lililofunguliwa mtaani linapunguza nguvu ya maji kwenye bomba la zimamoto.